Kila Umri na Fungu Lake: Kuipanga Kaya ya Sepuka Kabla ya Mvua

Mwezi wa kumi, hapa Sepuka mkoani Singida, watu wanasafisha mashamba na kutafuta mbegu. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, huenda mpaka Aprili, na kwa miezi hiyo karibu kaya nzima huhamia shambani: alizeti, mtama, uwele, mahindi, dengu, na pamba kwa wanaoilima. Ni miezi hiyohiyo ambayo ghala hupungua. Mama mwenye mimba ya miezi 7 anapalilia tangu alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja ameachiwa dada yake wa miaka 7, kijana wa miaka 15 yuko nyuma ya ng'ombe, na bibi amebaki nyumbani na moto wa kuni na macho yasiyoona vizuri.

Kila mmoja wa hao yuko katika hatua yake ya maisha, na mwili wake una madai ambayo hayasubiri mavuno. Ubongo wa mtoto wa mwaka mmoja unajengeka kwa kasi ambayo hatakuwa nayo tena. Mifupa ya binti wa miaka 12 inarefuka. Misuli ya mzee aliyekaa kitako miezi mitatu inanywea. Magunia ya Juni hayawezi kulipa yote yaliyokosekana Februari, hata yakiwa mengi. Ndiyo maana nashauri kila kaya ifanye kikao kimoja mwezi wa kumi, kabla jembe halijashika kasi, igawe kazi, chakula na uangalizi kwa kufuata umri wa kila mtu. Wakae baba, mama, babu, bibi na vijana. Zije kadi za kliniki za watoto, daftari na kalamu. Yaandikwe majina yote ya waliomo nyumbani na miaka ya kila mmoja, pamoja na mimba iliyopo. Orodha hiyo peke yake huonyesha mengi: nyumba nyingi zina watu wa umri wa aina tano au sita, na wote hula kwa ratiba moja na kupimiwa kazi kwa nguvu ya baba.

Anzeni na bibi na mtoto mdogo

Katika mkoa huuhuu wa Singida, wilaya ya Mkalama, upande wa Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, watu wa kuchimba mizizi, kurina asali na kuwinda. Watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe wa eneo la Eyasi miaka ya 1980 wakiangalia nani anachimba chakula kwa muda gani na watoto gani wanaongezeka uzito. Katika maelezo waliyochapisha mwaka 1997 walionyesha jambo ambalo kila mkwe wa Sepuka angepaswa kulijua. Mama asipokuwa na mtoto mchanga, uzito wa watoto wake ulifuata bidii yake mwenyewe ya kutafuta chakula. Akijifungua, watoto wake waliokwisha kuacha ziwa waliongezeka uzito kwa kadiri ya bidii ya bibi yao. Kutoka hapo wakatoa hoja kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu tangu zamani za kale kazi ya bibi ilikuwa ikiokoa wajukuu. Wataalamu wanaendelea kujadiliana kuhusu hoja hiyo, lakini kwa mtu anayepanga nyumba yake, kilichopimwa kinatosha: bibi ni nguzo ya makuzi ya mtoto, na apangiwe kazi hiyo kwa heshima, mchana kweupe, asiachiwe tu mtoto kwa sababu wengine wameondoka.

Kumpangia maana yake ni kumwekea mazingira. Maji yawe yamechotwa kabla ya watu kwenda shamba. Chakula cha mtoto cha mchana kiwe kimeandaliwa, kimefunikwa. Na awepo mwenye mbio, kwa sababu mtoto wa miaka 2 anakimbia kuliko mtu wa miaka 70. Moto uzungushiwe kizuizi au uinuliwe. Shimo la maji na lambo viwe na uzio wa miiba. Dawa za pamba na za kuogeshea mifugo zifungiwe juu, na ni marufuku kuzihamishia kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda, hajui kilichomo.

Nyumba tatu au nne jirani zinaweza kuunganisha nguvu: bibi wawili na binti mmoja mkubwa wakae na watoto wote penye kivuli, kila mama akileta unga, karanga na kuni kwa zamu. Serikali yenyewe, katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, imetaja vitu vitano anavyohitaji mtoto kuanzia 0 hadi miaka 8: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Kivuli hicho chenye bibi wawili kinaweza kubeba vyote vitano, kikipangwa.

Uji, na kimea mnachokijua tayari

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kudumaa huanza mapema, ndani ya siku 1,000 za mwanzo: siku 270 za mimba na miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo kwenye daftari la kikao, jina la mjamzito na la mtoto aliye chini ya miaka 2 yawe juu ya yote.

Mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, apate vidonge vya madini chuma na foliki asidi, apate dawa ya kuzuia malaria kwa wakati wake, na alalie chandarua. Nyumbani aongezewe mlo mmoja na apunguziwe kuni na maji. Katika baadhi ya nyumba bado anakatazwa mayai eti mtoto atakuwa mkubwa mno tumboni. Mkatazo huo hauna msingi, na mwenye mamlaka ya kuuondoa mara nyingi ni mama mkwe. Auondoe kwa kinywa chake, kikaoni. Chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto. Chumvi ya mawe wapewe ng'ombe, maana upungufu wa madini joto wakati wa mimba huathiri akili ya mtoto kabla hajazaliwa.

Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6, bila maji wala dawa za kienyeji za kusafisha tumbo, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi huku akila. Kuanzia miezi 6 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 hadi 4, na kitu cha katikati kama kiazi au tunda. Kosa ninaloliona mara nyingi ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji ya uji limeshiba bila nguvu. Uji uwe mzito, ubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Utiwe karanga zilizosagwa, au maziwa, au yai, na kijiko cha mafuta ya alizeti.

Mtoto akikataa uji mzito, Singida ina dawa yake ndani ya mtungi wa pombe. Mama anayejua kuandaa kimea cha mtama kwa ajili ya pombe anajua nusu ya kazi. Loweka mtama safi, uache uchipue, ukaushe vizuri juani, kisha sugua na kupepeta mpaka vichipukizi na vimizizi vyote vitoke. Visisagwe, kwa kuwa vina sumu. Saga punje zilizobaki. Pika uji mzito, upoze kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, urudishe motoni uchemke tena. Utaona unalegea bila kuongezewa maji, na mtoto anameza chakula kingi zaidi kwa tumbo lilelile. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania imeifanyia kazi mbinu hii tangu miaka ya 1980. Kimea chenye ukungu kitupwe.

Ukungu ndio adui mwingine. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa inayopakana na Singida, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoliwa nyumbani. Nafaka na karanga zianikwe juu ya turubai, zisigusane na udongo, na punje zilizokunjamana au kubadilika rangi zisiingie kwenye unga wa mtoto. Kwa maoni yangu unga wa lishe wa nafaka saba tunaouziwa mijini hauna haja. Nafaka moja safi na karanga au kunde zilizochambuliwa vinatosha, na kadiri unavyochanganya mifuko mingi ndivyo unavyoongeza nafasi ya kuingiza mfuko mbovu.

Halafu mayai. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasafirishwa hadi Dar es Salaam, na mayai yanauzwa mpaka la mwisho. Kikaoni mteue kuku mmoja awe wa mtoto aliye chini ya miaka 2. Mayai yake yasiuzwe wala kuhesabiwa kwenye fedha za mbegu.

Maneno ni chakula pia

Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda, akitembelea akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliwaangalia watoto wakitambaa kwenda kuchunguza vitu kisha kumrudia mama, wakitulia, wakienda tena. Aliona kuwa watoto waliokuwa na utulivu wa moyo walikuwa wa akina mama walioijua lugha ya mtoto wao: kilio cha njaa, cha usingizi, cha kuogopa. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya elimu ya leo kuhusu upendo wa mtoto na mlezi imeota kutoka vijiji hivyo vya Afrika Mashariki.

Mbinu ya akina mama hao haihitaji fedha. Mtoto akitoa sauti, mjibu. Akinyoosha kidole kwa mbuzi, mtaje mbuzi. Akilia, asogelewe, mtoto wa miezi 5 hana ujeuri wa kufundishwa adabu. Mlezi asibadilishwe kila wiki. Mtoto anaweza kushikamana na mama, bibi na dada kwa pamoja, lakini wawe walewale. Na mwongelesheni Kinyaturu bila hofu kama ndiyo lugha ya nyumbani. Mtoto mwenye maneno mengi ya lugha ya mama hukipokea Kiswahili cha shule haraka. Mtoto asiyesemeshwa hufika darasani mkavu kwa lugha zote mbili.

Kuhusu kukaa na kutembea, Kenya inatusaidia. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alifuatilia watoto wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet. Walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, wastani wa mwezi mmoja hivi, kwa sababu mama zao waliwafundisha kwa makusudi: mtoto aliwekwa kwenye kishimo kilichotandikwa blanketi, akiegemezwa ubavuni, na alishikwa mikono akanyage. Kutambaa hawakufundishwa, na huko hawakuwatangulia wengine. Basi mtoto asishinde mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni. Ashushwe, awekwe chini penye usafi, ashikwe ajaribu.

Andikeni kwenye daftari alama hizi, bibi azijue kwa moyo: afikapo miezi 3 atabasamu akionyeshwa uso; miezi 9 akae bila kushikwa; miezi 18 atembee na awe na maneno machache yenye maana. Asiyefika, na hasa anayepoteza alichokwisha kukijua, apelekwe kliniki bila kungoja palizi iishe. Asifichwe chumbani. Uzito upimwe kila mwezi, na mstari wa kadi ukilala miezi miwili mfululizo, hiyo ni dharura hata kama mtoto anacheza. Matone ya vitamini A ni mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9, na tena miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo husahaulika, kwa hiyo tarehe yake iandikwe ukutani.

Sasa jambo zito ambalo Singida hatuwezi kulipita. Watu wa hapa na wa Dodoma wanaijua lawalawa: mtoto anawashwa, ananuka mkojo, analia akikojoa. Serikali ilipoanza kukemea ukeketaji katika miaka ya 1970, ilienea imani kwamba dawa ya lawalawa ni kumkata mtoto, na sheria ya mwaka 1998 ilipofanya ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, ukataji ukazidi kuhamia kwa watoto wachanga, gizani, ambako hakuna anayeuliza. Lawalawa ni maambukizi ya sehemu za siri au ya njia ya mkojo. Hutibika kwa dawa za zahanati. Huzuiwa kwa maji safi, kumwosha mtoto wa kike kutoka mbele kwenda nyuma, kumbadilisha nepi iliyolowa, na kutomtia majani wala unga wowote. Mtoto akilia akikojoa, safari ni moja, zahanati. Mwenye kumlea akiruhusu akatwe, anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, na kovu lile mtoto atakwenda nalo mpaka chumba cha kujifungulia.

Dada wa miaka 7, na mchungaji wa miaka 15

Karibu na miaka 6 au 7 akili hupiga hatua inayoonekana. Mtoto anaweza kushika agizo lenye sehemu tatu, kukumbuka kanuni, kuona aibu kwa kosa lake. Wazee wetu waliliona hilo, ndiyo maana kazi za nyumbani huanza umri huo. Mpeni kazi zinazomfaa: kuku, kufagia, kutafuta mayai, dumu dogo la maji. Asiachiwe mtoto mchanga peke yake. Awe msaidizi wa bibi, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Siku za shule aende shule. Ale kabla ya kwenda, kwa kuwa mwalimu hawezi kufundisha njaa. Na kila siku apate saa ya kucheza, hata msimu wa palizi, maana mchezoni ndiko anakojifunza kungoja zamu, kushindwa na kusamehe.

Balehe ya msichana huanza popote kati ya miaka 8 na 13, ya mvulana kati ya 9 na 14. Anayechelewa au kuwahi ndani ya miaka hiyo yuko sawa, na aambiwe hivyo mapema, kabla mabadiliko hayajamshtua. Binti aelezwe hedhi na mama, shangazi au bibi. Apate vitambaa safi, sabuni na mahali pa kuvianika juani bila kuvificha chini ya godoro. Anapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo mboga za majani, maharage, dengu na nyama vinapopatikana vimfikie na yeye, visiishie kwenye sahani za wanaume. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Muulizeni mwalimu au mhudumu wa afya ni lini itafika shuleni. Na ikitokea akapata mimba, Waraka wa Elimu wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi shule baada ya kujifungua. Nyumba isimfungie mlango ambao serikali imeufungua.

Wavulana tunawasahau. Kijana wa miaka 15 anashinda na ng'ombe, sauti imevunjika, anaota ndoto za usiku, na hakuna aliyemwambia kitu zaidi ya wenzake wa machungani. Mjomba au babu amchukue siku moja, waende pamoja hata kwenye mizinga ya nyuki, amweleze mwili wake, wasichana, pombe na hasira. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia hamaki huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, hivyo kijana anaweza kuwa na kimo cha baba yake huku akihitaji bado mtu wa kumuuliza. Usiku huchelewa kupata usingizi na asubuhi huamka kwa shida; sehemu kubwa ya hilo ni mwili, si uvivu. Mpeni jukumu lenye mali ndani yake, kama robo eka ya alizeti iwe yake kuanzia mbegu mpaka kuuza, na akikosea hesabu mkae naye mhesabu upya. Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyegawa maisha katika hatua nane katika kitabu chake cha mwaka 1950, alisema kazi kubwa ya umri huu ni kujua mimi ni nani. Kijana wa Sepuka hulijua hilo kwa kushika kitu kinachotegemewa na wengine.

Kuhusu walio kati ya miaka 20 na 40 nitasema machache, maana wao ndio wanaosoma haya na kubeba wengine wote. Mzazi mpya ambaye wiki mbili baada ya kujifungua bado analia bila sababu, halali hata mtoto akilala, hataki kumtazama mtoto, ni mgonjwa anayetibika. Asiambiwe ana roho mbaya. Apelekwe kituoni, na mumewe abaki naye.

Miaka 40 na kuendelea

Mama wa miaka 45 anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua dengu hajalogwa. Karibu kila mtu baada ya miaka 40 macho hushindwa kuona cha karibu, na miwani ya kusomea humrudishia kazi yake siku hiyohiyo. Kukoma hedhi huja kwa wengi karibu na miaka 50: joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa kukatika, hasira isiyo na mwenyewe. Mume aambiwe, watoto wakubwa waambiwe, na mama apewe nafasi ya kulala. Wanaume nao wapimwe shinikizo la damu kila wanapofika kituoni kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa huua bila kuuma. Kulima kunawasaidia, chumvi nyingi na pombe ya kila jioni vinawabomoa.

Kwa mzee, kosa letu kubwa ni kumpumzisha kabisa. Tunadhani ni heshima. Misuli isiyotumika huisha upesi uzeeni, na mwenye miguu dhaifu huanguka, huvunjika nyonga, halafu haondoki tena kitandani. Mzee atembee kila siku, ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu mara kadhaa asubuhi na jioni, alime kijibustani chake. Ale maziwa, maharage, mayai na mlenda. Mzee asiye na meno anahitaji chakula laini, na anahitaji protini kama kijana. Njia ya chooni iondolewe mawe na iwe na taa au tochi. Jiko la ndani litobolewe dirisha, moshi utoke.

Moshi huo una habari mbaya zaidi. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni miaka 50 yamewagharimu wanawake wengi uhai wao, hasa Usukumani, kwa kudhaniwa wachawi. Na mzee anayeanza kusahau, anayeamka usiku kuita waliokufa, anayemshtaki mkwe kwa wizi wa kitu alichokificha mwenyewe, ana ugonjwa wa ubongo. Asibishiwe. Ajibiwe kwa upole, aelekezwe kwenye jambo jingine, awe na ratiba ileile kila siku, na mlango wa nje uwe na kengele au bati linalopiga kelele ukifunguliwa. Anayemhudumia apokelewe zamu, la sivyo naye ataugua. Macho ya mzee nayo yapimwe: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee aliyekwisha kukata tamaa huona tena wajukuu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo. Ulizeni ofisi ya kata utaratibu wa kitambulisho kabla mzee hajaugua. Ardhi nayo isemwe sasa, mzee akiwa na akili timamu, mbele ya watoto wa kike na wa kiume, iandikwe na kushuhudiwa. Mpeni pia muda wa kusimulia: kijana mwenye simu amrekodi akieleza mipaka, ukoo, njaa alizopitia na mbegu walizokuwa wakizitunza.

Kikao cha pili kiitwe Februari, palizi ikiwa imeshika na ghala likionekana chini. Kiwe kifupi. Nani amepungua uzito? Mtoto alipimwa lini? Mjamzito amekosa kliniki ngapi? Binti amekosa shule siku ngapi, na kwa kazi gani? Bibi ametembea leo? Halafu mhesabu magunia yaliyobaki, na kabla baba hajatoa hata moja la kuuza, mwandike kwanza lile litakalowalisha mjamzito, watoto na wazee mpaka mahindi mabichi yapatikane.